Kifungo Kimoja Kilichogoma

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la Mama Pindo, fundi cherehani. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi, cherehani imelala, basi mwenye duka akatoka akaketi benchini na daftari lake la fizikia. Kesho saa mbili asubuhi ana mtihani, na ni mara ya tatu. Masomo mengine yote amefaulu, ila chuo cha upigaji picha za eksirei kimemwambia bila fizikia asijisumbue kuja. Roho ilikuwa juu. Tena bahati mbaya alikaa katikati ya watu wawili wanaojua kila kitu: Transfoma, fundi umeme ambaye umeme ukikatika yeye ndiyo likizo yake, na Shahidi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hakuna jambo duniani lililotokea yeye asiwepo.

— Haya, umekwama wapi? akauliza Transfoma, akipuliza kahawa.

— Mionzi. Alfa inazuiwa na karatasi. Beta inazuiwa na kibati chembamba. Gama mpaka ukutane nayo kwa ukuta mnene wa madini ya risasi.

— Gama naifahamu. Ni spika ya jirani yangu. Funga mlango, funga dirisha, inakufuata mpaka kitandani.

— Na alfa ni mwoga, akadakia Shahidi. Mahakamani nimewaona wa namna hiyo. Ukimwonyesha karatasi tu, anarudi kwao.

Mama Pindo akacheka bila kupenda.

— Hayo nimeshayashika. Kinachonitoa jasho ni nusu-maisha. Madini yanayotoa mionzi, kila baada ya muda fulani, nusu ya atomu zake zinageuka kitu kingine.

— Mbona rahisi, akasema Transfoma. Saa ya kwanza nusu, saa ya pili nusu, kwisha kazi.

— Ndivyo nilivyoandika mwaka jana.

Transfoma akarudi kwenye kahawa yake.

Mama Pindo akaingia dukani, akatoka na kopo la vifungo. Akahesabu sitini na vinne, vyote vyenye uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Akawaeleza: kila kifungo ni atomu. Anatikisa, anamwaga, kilicholala uso chini kimegeuka, kinatoka. Akamwaga. Vikabaki thelathini na vitatu. Akamwaga tena, vikabaki kumi na sita. Mara ya tatu, tisa.

Shahidi akavua miwani.

— Humo ndani mna mwenyekiti. Vitu haviwezi kutoka nusu kwa nusu bila kikao.

— Kikao gani, bwana? Ni umri, akasema Transfoma. Vile vyeusi vya makoti ya zamani vimechoka, ndivyo vinavyoanguka kwanza.

— Mbona vyeusi vinne bado vipo? akauliza Shahidi.

— Vinajikaza mbele za watu.

— Sikiliza wewe. Vinaambizana. Ofisini kwetu akiacha kazi mmoja, mwezi haujaisha nusu ya ofisi imeshaacha. Nilikuwepo.

— Basi ndiyo maana hatuna umeme, Transfoma akasema kwa uchungu wa kitaalamu. Nusu yake imegeukia njiani, kwenye nguzo.

Vikawa vitano, vikawa viwili, kikabaki kimoja, cheusi. Mama Pindo akakitikisa, kikalala uso juu. Akatikisa tena, uso juu. Mara ya nne bado kinamtazama. Mteja aliyefuata sketi yake alikuwa amesimama hapo muda wote, mkoba begani.

— Samahani, akauliza. Na hicho kitatoka lini?

Shahidi akamtazama Transfoma. Transfoma akatazama ndani ya kikombe, kikombe kitupu. Mama Pindo akapekua daftari, akaacha, akakikazia macho kile kifungo.

— Hakuna anayejua, akasema polepole. Vikiwa vingi nakwambia karibu nusu vitatoka. Kikiwa kimoja, siwezi. Kitatoka sasa hivi au kitakaa. Kila nikitikisa kinaanza upya. Uzee haumo kabisa.

Akawageukia wale wawili.

— Darasa la jioni tulianza watu arobaini. Ninyi wawili mlikaa hapa hapa mkasema mimi, wa miaka arobaini na mitatu, ndimi nitakayetangulia kuacha. Kesho tunaingia watano.

Mteja akasahau hata kuulizia sketi. Mwisho Shahidi akasogea, akaviokota vifungo vyote kimoja kimoja na kuvirudisha koponi.

— Dada yangu, akasema, hiyo habari ya nusu sikuielewa. Nieleze toka mwanzo.

Mama Pindo akalifunga daftari, akaanza kumweleza.