Dakika Kumi na Moja za Thobias

Sogeeni karibu, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Thobias Maige wa Kahama, mtafsiri wa filamu, tuliyemzika juzi. Mnaikumbuka sauti ile kwenye mabanda ya video, kutoka Isaka mpaka machimbo ya Geita? Shujaa anarusha ngumi, Thobias anamsemea kwa Kiswahili chetu, na chumvi anaongeza.

Chumvi hiyo ndiyo iliyomponza. Kulikuwa na filamu moja ya mapigano, sehemu ya pili. Kamanda anaingia handakini na mdogo wake, handaki linaporomoka, Kamanda anatoka peke yake. Filamu haikusema kwa nini. Thobias akajazia: "Kamwacha mdogo wake, mwoga huyu!" Banda zima likaangua kicheko.

Mwaka huohuo, duara moja, yaani shimo la wachimbaji, liliporomoka. Mchimbaji mmoja, Mayala, akatoka peke yake. Mdogo wake akabaki chini. Wenzake wakamwita nani? Kamanda! Jamani, watu tuna midomo. Mayala akaacha kushuka shimoni, na bandani hakukanyaga tena.

Miaka sita ikapita. Filamu ileile ikaja, toleo refu, dakika kumi na moja zaidi. Humo Kamanda anarudi handakini mara tatu, na mdogo wake mwenyewe ndiye anayekata kamba ili kaka apone. Mjane wa Thobias, Mama Wema, anasema: "Alizima mashine. Akaniambia, 'Mke wangu, nimemsingizia mtu. Na mtu mwenyewe ni jirani yetu.'"

Wakati huo ugonjwa wa koo ulishamshika Thobias. Daktari alimkataza kusema. Alizitafsiri dakika zile kwa sauti ya kukwaruza, kisha akaenda mwenyewe kumwomba Mayala aje. Banda lilijaa. Kamba ilipokatika, Thobias akasimamisha picha.

"Mayala, sikuwahi kukuuliza. Leo nakuuliza mbele ya watu."

"Nilirudi, Baba Wema," Mayala akajibu. "Mara mbili. Mdogo wangu ndiye aliyenisukuma nitoke."

Hakuna aliyecheka. Thobias alilia, na Mayala akalia naye.

Juzi makaburini, alitakiwa mtu wa kushuka kupokea jeneza. Mayala akavua viatu. Mayala, ambaye hakuwa ameshuka shimo lolote kwa zaidi ya miaka sita! Alishuka, akalipokea. Watu wakamnyooshea mikono wamtoe.

"Subirini kidogo," akasema. "Nisimwache haraka."

Pole sana, Mama Wema. Pole, Wema. Poleni wana Kahama. Nawe unayenisikiliza, yupo mtu uliyemmalizia habari yake bila kumuuliza. Kamuulize leo, wakati sauti yako bado ipo.