Bwana Hajafika, Karani Aliyewatafuta Wajawazito

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, karani wa kliniki yetu ya wajawazito anakabidhi funguo za makabati na kustaafu. Jina lake kamili limo kwenye barua ya utumishi, lakini humu ndani anajulikana kama Bwana Hajafika. Mimi ni mkunga msimamizi wa kliniki hiyo. Kwa miaka ishirini na sita tumetenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, kwa hiyo nikisema mtu huyu hajui kutulia, nasema kwa ushahidi.

Aliletwa kwetu kwa wiki mbili tu. Alikuwa kijana wa stoo, hodari wa kukunja mashuka, na karani wa wakati huo alikuwa amevunjika mkono. Waliokuwepo wanasimulia kwamba aliita majina ya akina mama akiwa ameinamia meza, na siku alipoanza kusikia somo la asubuhi kuhusu kunyonyesha, alitoka nje akidai anakwenda kukagua paa. Mkono wa mwenzake ulipona, yeye akabaki. Hakuna aliyekumbuka kumrudisha stoo.

Kazi yake kwa maandishi ilikuwa kupanga kadi kwa tarehe za kurudi, kuzitoa asubuhi na kuzirudisha jioni. Kadi ya mama asiyetokea ilitupwa kwenye trei ya bati mwisho wa meza. Mwaka wake wa pili kazini, kadi ya binti mmoja mwenye mimba ya miezi minane ilikaa kwenye trei hiyo wiki tatu. Wiki ya nne binti aliletwa akiwa na degedege la kifafa cha mimba. Yeye aliokolewa, mtoto hakupona. Bwana Hajafika alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa amesimama, kisha akaondoka.

Tangu hapo hakukaa. Nilipokuja mimi, kila saa tano asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na kadi mkononi. "Sista, huyu hajafika." Baada ya nusu saa, tena: "Sista, na huyu hajafika." Jina lake lilitoka hapo. Ikifika mchana anavaa kofia, anatoka kuwatafuta, na meza inabaki tupu.

Niseme ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe atausema nisipousema: mwaka wangu wa kwanza kama msimamizi nilimwandikia barua ya onyo kwa kutoroka kazini. Aliisoma, akaisaini, akaniuliza kama nimemaliza, kisha akavaa kofia.

Siku hiyohiyo alikwenda kumtafuta fundi cherehani mmoja aliyeshonea nyumbani sare za shule. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, presha yake ilikuwa imeanza kupanda, na tulimwambia arudi baada ya wiki moja. Wiki mbili zilikuwa zimepita. Mlangoni alipokelewa na mama mkwe.

"Karani?" mama yule alimuuliza. "Karani anamtakia nini mke wa mwanangu?"

"Hajafika kliniki, mama. Nimekuja kumwangalia tu."

Fundi alikuwa kwenye cherehani, miguu imevimba mpaka viatu amevivua. Alicheka, akasema ni uchovu, kila mjamzito huvimba. Kisha, kwa mzaha, akamwomba mgeni amtungie uzi kwenye sindano, maana tangu asubuhi tundu lilikuwa halionekani.

"Halionekani vipi?"

"Naona nyotanyota. Na kichwa hakijaniacha tangu juzi."

Bwana Hajafika hajasomea udaktari. Lakini maneno yale aliyasikia kila asubuhi nikiyarudia upande wa pili wa ukuta: kichwa kisichopoa, macho kuona nyota, maumivu ya juu ya tumbo, damu kutoka, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona hata moja, usisubiri tarehe ya kadi.

"Mama," alimwambia mkwe, "mimi si daktari. Ila huyu haji kesho. Twende naye sasa hivi."

"Ana sare za kumaliza. Wenyewe wanakuja jioni."

"Watazikuta. Yeye je, watamkuta?"

Mama mkwe alimtazama, akamtazama mkwe wake, akaingia ndani kutafuta viatu vya kumwingia mtu mwenye miguu ile. Alivikosa, akamvalisha ndala za mwanawe.

Nilimpima presha mwenyewe. Nilirudia kipimo mara mbili nikidhani mashine imeharibika. Alilazwa palepale, na siku ya pili madaktari waliamua mtoto atolewe. Alizaliwa mdogo sana, akakaa nasi wiki tano, akatoka mikononi mwa mama yake, akiwa na mashavu. Barua yangu ya onyo niliitoa kwenye faili lake siku mtoto alipozaliwa.

Kutoka hapo tulizifanya mbio zake kuwa kazi rasmi. Uongozi ulikubali kliniki iwe na simu yake na mtu wa kufuatilia kila mtaa. Yeye alibandika ukutani orodha ya begi la kujifungulia, kwa herufi kubwa: nguo za mtoto, taulo, pedi, kadi, na jina la atakayekusindikiza. Alianza pia kuwauliza waume watakuja na usafiri gani uchungu ukianza, na aliyejibu "tutaona" hakupewa nafasi ya kuondoka mpaka aone. Wengine walimkasirikia. Mmoja alimwita mbea wa serikali. Alimjibu kwamba cheo hicho anakipenda, kisha akarudia swali.

Mwaka huu zamu imemgeukia. Bintiye wa pekee alipata mimba, na sisi sote tumeteseka nayo. Alimpigia simu asubuhi, mchana na jioni, mpaka siku moja sauti ya binti ikasikika chumba kizima: "Baba, mboga za majani nimekula, vidonge vya kuongeza damu nimemeza, mtoto amecheza. Sasa naomba nipumzike!"

Wasifu huu wa kumuaga ulitakiwa kwa mchapaji saa nne asubuhi ya leo. Umechelewa, kwa sababu saa moja binti aliingia na uchungu, na babake akaanza kutembea kwenye korido, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Tulimpa kiti, akakisogeza ili apite vizuri. Tulimpa chai, ikapoa. Aliniuliza mara nne kama presha imepimwa. Mara ya tano aliniomba niape. Nami, mkunga mzima, nilijikuta nikitembea naye.

Saa sita kasoro mkunga wa zamu alifungua mlango akitabasamu. Alikuwa bado hajatamka kama mtoto ni wa kike au wa kiume.

"Mama yake yukoje?" Bwana Hajafika alimkatiza.

"Mzima kabisa. Anaomba chakula."

Alikaa sakafuni, pale pale alipokuwa, mgongo ukutani. Ilibidi mkunga ainame kumwambia kwamba amepata mjukuu wa kike.

Kaka yetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya akina mama wengi ambao hawakujua kwamba wanatafutwa mpaka ulipobisha hodi, tunakushukuru. Afya njema iwe nawe, na nyumba yako ijae kelele za mtoto. Nenda ukamshike mjukuu wako.