Mwandishi wa Bahari Aliyeogopa Maji

Ndugu waombolezaji, majirani na jamaa mliokataa tulie peke yetu, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, mwandishi wa riwaya za bahari, ambaye wasomaji walimwita Nahodha, na ambaye sisi wa nyumbani tulijua kuwa hata kuoga alioga kwa kopo, mlango umeachwa wazi kidogo, akiimba kwa sauti ili tujue yu hai.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu, akiwa mtoto pekee wa mchochea makaa wa melini na mfua nguo wa hospitali. Mwaka 1958 meli ya baba yake ilizama, wenye meli wakasema ni kazi ya Mungu, lakini mpishi aliyenusurika alikuja nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kugusa chai, akamwambia bibi yetu, "Shemeji, mlango wa chini ulifungwa kwa juu. Tuliwasikia wakigonga, kisha hatukuwasikia tena." Marehemu alikuwa chini ya meza, na hofu ile ikamkaa kama mwiba uliovunjikia ndani.

Alihitimu sekondari mwaka 1969, akaajiriwa kusoma prufu, yaani kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa, katika kiwanda cha uchapaji, na jioni zake akazimalizia maktaba, akisoma mashauri ya zamani ya mahakamani kuhusu meli zilizozama, wapi mabaharia waliasi, wapi manahodha walikimbia, wapi watumwa na vibarua waliachwa wamefungiwa chini, akaona kuwa kisa cha baba yake hakikuwa cha kwanza wala cha mwisho. Humo ndimo zilimotoka riwaya zake saba, ya kwanza Juni 1980, na ndiyo maana mabaharia wake hutetemeka kabla ya kupanda mlingoti.

Tarehe 12 Agosti 1978 alimwoa mama yetu, mshonaji wa sare za wauguzi, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa kifungua mimba, na mama hakuchoka kumtania kwamba ameolewa na nahodha wa beseni.

Tarehe 4 Oktoba 1997 marehemu alilazimika kupanda kivuko kwenda kumzika mama mkwe wake, maana njia nyingine haikuwepo. Katikati ya maji injini ilizimika, kivuko kikalala upande, na mfanyakazi mmoja, akihofia kwamba watu wote wakikimbilia juu kitapinduka, akafunga mlango wa sitaha ya chini, na waliokuwa ndani wakaanza kugonga. Marehemu alikuwa juu, boya kifuani, mkewe ubavuni. Alijikojolea, na hilo hakulificha kamwe, kisha akashuka ngazi huku akilia.

"Fungua, ndugu yangu. Nakuomba. Wanagonga."

"Tutakufa wote, mzee!"

"Basi tufe wote."

Akalishika komeo kwa mikono miwili, likagoma, mama akaja akavuta naye, likaachia. Watu wakamiminika, mama akiwapigia kelele wakae upande ulioinuka, na kivuko kikaelea hadi boti za uokoaji zilipofika. Alipoitwa shujaa alikasirika, akasema, "Shujaa gani? Niliogopa kule kugonga kuliko maji." Baadaye hofu ilizidi, miaka mingi hakushika kalamu, na mlango ukibamizwa na upepo alisimama wima, uso umemsawijika.

Aprili mwaka jana moyo wake ulidhoofika, na daktari alipomweleza kuwa maji yanajaa mapafuni, alicheka kidogo, halafu akaishika shuka kwa nguvu. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 21 Februari mwaka huu, akituuliza kila mara kama tupo, nasi tukimjibu. Aliogopa hadi mwisho, na familia haioni haya kulisema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomketisha alipokosa pumzi, majirani waliopokezana kumlinda mama, na wenzake wa kiwandani, ambao wameisahihisha hata karatasi hii.

Baba, tupo. Pumzika kwa amani.