Trei Iliyozungushwa

Benchi ni langu, liko mbele ya kibanda changu cha kunyolea, lakini kukaa sipati. Tangu asubuhi wamelikalia watu watatu na birika moja la kahawa: Mita, fundi cherehani, futi shingoni, Redio, mwalimu mstaafu asiyezimika, na Breki, dereva ambaye lori lake liko gereji tangu nimfahamu. Kesho binti wa Mita anatunukiwa udaktari wa hesabu, na baba mtu ametakiwa aseme machache kuhusu kazi ya mwanawe. Haijui. Basi wanamsaidia, na mimi kichwa kinaniuma.

Mita: Likizo iliyopita aliniambia, “Baba, fumba macho.” Akazungusha trei ya vikombe vinne. Nikafumbua. “Nimefanya nini?” Nikamwambia hujafanya kitu. Akacheka, “Basi hiyo ndiyo kazi yangu.”

Breki: Miaka yote hiyo chuoni anazungusha trei?

Redio: Acha ushamba. Huo ni ulinganifu. Kitu unakigeuza, kinabaki vilevile. Mageuzo yake yote ukiyaweka pamoja, unapata kundi.

Breki: Kundi gani halina mwenyekiti?

Redio: La hesabu, bwana wee!

Mita: Jamani, nitasimama mbele ya maprofesa niseme nini?

Redio: Sema hesabu hizo ndizo zinazoficha siri za simu, mtu mwingine asizisome.

Breki: Siri za simu wapi! Hawa wanaigeuza dunia usiku, sisi tumelala. Asubuhi tunaona kila kitu sawa. Juzi nimelala kichwa mlangoni, nimeamka kichwa dirishani!

— Juzi ulikuwa umelewa, nikamwambia. Hebu punguzeni kelele, nina mteja.

Mteja mwenyewe alikuwa ameshatoka kunitafuta, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

— Samahani, wazee, akasema. Huyo binti alipocheka, mzee ulimwuliza nini?

Mita akawa anavuta futi lake huku na huku.

— Nilimwuliza kama amekula.

Breki akatikisa birika. Tupu. Mita akainuka, akatoa simu, akasogea kwenye kona ya kibanda akatugeuzia mgongo. Nikakaa mahali pake, hatimaye. Redio akafungua mdomo, nikamwonyesha wembe.

— Mwanangu, tukamsikia. Ile trei. Kesho hebu izungushe tena, safari hii sifumbi macho.