Risala kwa Mama wa Bosi Kabla ya Nyati wa Kesho

Mgeni rasmi, mama mzazi wa bosi wetu. Bosi mwenyewe, uliyeketi kulia kwake. Mke wa bosi. Na wafanyakazi wenzetu wote mliosimama nyuma karibu na mlango:

MAKARIBISHO

Karibu sana katika kambi yetu ya uwindaji, mama. Sisi wafuata nyayo, wachuna ngozi, madereva na watu wa jikoni tumefurahi kwamba umekuja kutufungulia chumba kipya cha bunduki. Mimi mpishi nimetwishwa mzigo wa kusoma kwa sababu wenzangu wote wameshikwa na mafua ya ghafla. Tuliagizwa risala iwe fupi na isitoe siri za nyumba. Fupi itakuwa.

HISTORIA

Kambi hii aliianzisha marehemu mumeo, ambaye tulimpenda, na hatuoni haya kulisema. Alituachia desturi moja. Kabla ya kumfuata nyati, bunduki hulazwa juu ya turubai, na anayechagua si mwenye bunduki wala mgeni aliyetoka mbali. Ni mfuata nyayo mkuu, kwa kuwa ndiye atakayekuwa karibu na nyati kuliko sote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na marehemu hakutaka maiti.

Kuna mgeni alikuja na bunduki kubwa yenye nakshi za fedha. Mfuata nyayo akaipita, akaonyesha ile bunduki ya marehemu ya .375, ambayo kitako chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mgeni alinuna njia nzima. Alimpata nyati wake, akarudi kwao na meno yake yote.

MAFANIKIO

Mahema yameshonwa. Gari la pili linawaka bila kusukumwa, isipokuwa asubuhi. Bosi wetu ni mtu mwema: mtoto wa mfanyakazi akiugua, humpeleka hospitali mwenyewe. Tunalisema hili mapema ili yanayofuata yasieleweke vibaya.

CHANGAMOTO

Mama, mwanao ameanza kujaza risasi kwa mkono. Huokota ganda lililokwisha kupigwa, hulitia baruti mpya, kisha hukandamiza kichwa cha risasi juu yake. Si kazi mbaya. Wanaoiweza huifanya kwa utulivu wa mtu anayempimia mtoto mchanga dawa. Bosi huifanya kwenye meza ya chakula huku akiongea na simu, kwa mizani yangu ya unga. Tangu aichukue, mimi napima mkate kwa macho, na wote mliokula asubuhi ni mashahidi.

Risasi moja ilijaa baruti kupita kiasi. Bunduki ikagoma kufunguka, tukaigonga kwa nyundo ya hema, kila mtu akiwa ametazama pembeni. Nyingine ilipungukiwa. Ilimfikia nyati begani, naye akageuka taratibu kama mtu aliyeitwa sokoni. Mfuata nyayo wetu mkuu, ambaye nyote mnaujua mwili wake na magoti yake, alipanda mti. Mpaka leo hatujui aliupandaje. Kumshusha ndiko kulikotupotezea mchana.

Bosi alisema, "Mmeona? Imemgusa."

Mfuata nyayo akajibu kutoka juu, "Bosi, umempiga au umemsalimia?"

Halafu kuna bunduki mpya aliyoinunua, ambayo fundi wetu ameipa jina la Mama Mkwe. Tunakuomba radhi, wewe na mke wa bosi ambaye ameinamisha kichwa tangu nianze sentensi hii. Bunduki hii ina teke: ikilia, humrudi mpigaji begani. Mhasibu aliijaribu mara moja, akaketi chini, akatuuliza yuko wapi. Bosi naye, kabla hajavuta kifyatulio, hufumba macho. Mwanzoni tulidhani anasali.

Kesho alfajiri anakwenda kwa nyati na Mama Mkwe, pamoja na risasi za mezani. Ile desturi ya turubai amesema ni ya kizamani.

MAOMBI

Tunaomba mizani irudi jikoni.

Tunaomba kesho turubai litandikwe, na bosi akubali bunduki atakayochaguliwa. Hatutaki kutangaza matokeo mapema, lakini itakuwa ile ya baba yake, pamoja na risasi za kiwandani zilizomo kwenye boksi lao. Ile anaipiga akiwa amefumbua macho, na anapiga vizuri. Tumemwona.

Mke wa mfuata nyayo ametutuma hivi: "Mwambieni mama, huyo ni mwanawe, na huyu ni mume wangu. Nawapenda wote wawili, lakini nimeolewa na mmoja." Tumemsihi bosi mara nyingi, akatucheka. Ametuambia mwenyewe kwamba duniani anayemwogopa ni wewe peke yako.

Kwa hiyo, mama, ule ufunguo uliofungulia chumba cha bunduki haukurudi kwa bosi. Tumeutia kwenye mkoba wako ulipokwenda kunawa mikono, na huo ni ufunguo pekee; bunduki zote, Mama Mkwe akiwemo, zimefungiwa humo. Bosi anajipapasa mifukoni sasa hivi. Tunakuomba uubane mkoba kwapani hadi atakapokubali mbele yetu, kwa sauti.

Mwenyezi Mungu akujalie maisha marefu, mama, nasi atufikishe walau kesho jioni.

Ni sisi watoto wako,
Wafanyakazi wote wa kambi, mfuata nyayo mkuu akiwa wa kwanza kutia sahihi.