Siku Feliciana Alipookoka

Mbele ya duka la kufulia nguo, hapo Parkdale, ughaibuni, lipo benchi ambalo jua la Septemba hulikalia kabla ya watu. Jumapili hiyo alikaa katikati yake Bonaventure, fundi cherehani mjane kutoka Uvira, aliyebandikwa jina la kipadri, Monsinyo, kwa uchache wa maneno yake. Mwili ulikuwa benchini, moyo ng'ambo ya barabara, kanisani. Huko Mama Pulchérie, mjane mwenzake, husimulia baada ya ibada riwaya aliyoitunga mwenyewe, nayo benchi zima huifuatilia: Feliciana, binti wa zama za Wajerumani, amemkimbia mzee aliyetaka kumwoa kwa nguvu, naye mpiga kengele wa misheni, mtu mchechemeaji, akamficha. Jumapili iliyopita msimulizi alikomea hapa: "Siku ile Feliciana akaokoka." Leo ni sura ya mwisho. Bonaventure, ambaye naye huchechemea, alikwisha kumtambua mpiga kengele yule. Asilolijua ni kama Feliciana atamkubali.

— Ameokoka, yaani amechomoka! — alisema Dilawar wa Mwanza, aitwaye Waziri, akimimina kahawa ya tangawizi. — Kapanda meli. Saa hizi yuko Bombay anauza vitambaa.

— Bombay ya nini, Waziri? — alidakia Jepkosgei, mlezi wa wagonjwa, ambaye benchi lilimwita Hakimu. — Mtu akiokoka ameokoka. Kampokea Bwana! Kesho anaimba kwaya, keshokutwa ni mtawa.

— Tangu lini walokole wakawa na watawa?

— Huyu ataanzisha.

— Na mpiga kengele je? — aliuliza Bonaventure, kana kwamba anauliza bei ya uzi.

— Huyo jasusi! — alisema Dilawar. — Zile kengele ni ishara kwa jeshi.

— Jasusi gani hana hata maneno? — Jepkosgei aliangua kicheko. — Masika nzima anampelekea binti wa watu uji. Anauweka mlangoni, anakohoa, anaondoka!

Bonaventure akakumbuka samaki wakavu anaowaacha kila Jumamosi mlangoni pa Mama Pulchérie. Akakohoa.

Hapo akatokea Samina, mjukuu wa Dilawar, aliyetoka Richmond Hill kuja kumchukua babu yake. Kiswahili anakielewa chote; kukisema ndiko kunakomtoa jasho. Alikuwa amesimama nyuma yao akisikiliza. Babu akampa kikombe cha mwisho ampelekee Monsinyo; naye, akikikabidhi, akauliza:

— Lakini wewe... wewe aliuliza huyu dada? Kama yeye nataka harusi?

— Si "wewe", mwanangu, — alimrekebisha Dilawar. — Unamsema mpiga kengele. Sema "yeye".

Jepkosgei aliutazama mguu wa Monsinyo, kisha akautazama mlango wa kanisa.

— Mwache mtoto, — alisema Bonaventure. — Kasema sawasawa.

Dilawar aliitikisa chupa ya kahawa. Haikutoa hata tone. Ng'ambo, wanawake walikuwa wakivuta viti kumsikiliza msimulizi. Bonaventure alirejesha kikombe bila kukionja, akanyoosha koti, akaingia barabarani akichechemea kwa haraka isiyo yake, ili aifikie sura ya mwisho kabla haijafunguliwa.

— Monsinyo! — Jepkosgei alimpigia ukelele. — Ukifika, usikohoe!