Madamu Générose, Kutoka Kiti cha Mbele

Walimu mia moja themanini na saba wa elimu ya watu wazima, walioenea nchi hii hadi kule barabara inakochoka, wamepitia mikononi mwangu. Madamu Générose alinisaidia. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kalamu ni ya nani: ni ya Munyaneza, anayeitwa Tonton, yaani mjomba, na kituo kizima cha Muhima, msimamizi wa viti, chaki na kengele. Huyo msaidizi wangu anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Septemba 1991, baada ya miaka ishirini na minne ya kufundisha walimu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwandika katika kijarida cha kituo. Niliiomba mwenyewe, lakini mkurugenzi hakukataa.

Alipofika Oktoba 1967, kituo kilikuwa vyumba viwili na ubao mmoja, uliokatwa kwa msumeno ili kila chumba kipate nusu. Wengi waliokuja kwake walikuwa walimu wa watoto, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasahaulisha. Mtu mzima, alisema, hasimamishwi pembeni, hapigiwi makofi akipata, wala haulizwi kwa nini amechelewa, maana amechelewa kwa sababu ana maisha. Kabla hajamkabidhi mtu chaki, alimpeleka sokoni Nyabugogo asubuhi nzima akafundishwe na mafundi wa pale kitu asichokijua: kusuka kapu, kushona gunia, kuziba tairi. Alitaka mwalimu aonje kwanza kuwa mzito mbele ya watu. Nimewaona wenye diploma wakirudi na vidole vimefungwa vitambaa na adabu mpya kabisa.

Mtihani wa mwisho ni huu: mwalimu mtarajiwa hufundisha darasa la watu wazima mbele ya inspekta, na kiti cha mbele hukaa mtu asiyejua kusoma kabisa. Sharti mtu huyo awe hajui kweli. Mwaka 1982 aliyeandaliwa hakutokea. Madamu akatoka barazani, akanikuta na ufagio, akaniomba nikae kiti cha mbele. Nilikaa vizuri mno. Nilishika kitabu juu chini, nikaukodolea ubao macho kama ng'ombe anayetazama ndege ikitua Kanombe, inspekta akaridhika. Tangu hapo kiti kikawa changu, kila mtihani, miaka tisa. Jikoni niliwaeleza wote kwamba ninaigiza tu, kwani niliacha shule darasa la nne, walimu wakiwa wameishiwa na la kunifundisha. Mama Pudentienne, mpishi wetu, alisema hajawahi kuona mtu anayeigiza ujinga bila kutoka jasho. Niliichukua kama sifa.

Sasa nije kwa Twagirayezu, mwanafunzi wa mwisho wa Madamu, mwalimu wa watoto kutoka Gitarama. Huko Nyabugogo aliziba tairi moja mara nne, na likaondoka likilia. Mtihani wa kwanza alimwambia dereva wa lori, mzee wa miaka hamsini, asimame aangalie ukuta. Dereva akaangalia mlango, akatoka, na darasa zima likamfuata kumwomba lifti. Mtihani wa pili aliwafundisha washonaji wimbo wa kupiga makofi. Waliimba vizuri sana, hawakuandika kitu. Na sheria ya kituo ni kwamba ukianguka mara tatu unarudi kwenu bila cheti.

Mtihani wa tatu ulikuwa Julai mwaka huu. Inspekta Évode alifika amechelewa kwa sababu ya vizuizi vya barabarani, tena na njaa. Twagirayezu alikuwa amelifunika neno lake ubaoni kwa karatasi, akihangaika na gundi. Mimi nikiwa kitini kwangu, macho yakazurura hadi kwenye tangazo la ukutani, na mdomo ukaenda peke yake, kwa sauti: Ni marufuku kuanika nguo madirishani. Inspekta akaweka biki chini. Akamuuliza Madamu ni tangu lini anamkalisha hapo mjinga wa bandia. Madamu alinitazama mimi, akatabasamu hivi kwamba nilidhani malaria imempanda. Kisha akaomba nusu saa, akaenda langoni.

Alirudi na Mukeshimana, muuza parachichi, pamoja na kapu lake, kwa kuwa mama huyo alikataa kuliacha nje na watu wa Muhima. Twagirayezu, kwa mazoea, akamwambia akunje mikono. Mukeshimana akamuuliza, mwanangu, nikikunja mikono, nani atawazuia watu kuminya parachichi zangu? Huku akimtazama inspekta, ambaye kidole chake kilikuwa tayari juu ya tunda. Nadhani Twagirayezu alilikumbuka lile tairi. Akaiweka karatasi yake pembeni, akaketi sakafuni karibu na kapu, akamuuliza ni neno gani angelihitaji kesho asubuhi. Baada ya dakika arobaini kipande cha katoni kilikuwa kimeandikwa, kwa mkono wa Mukeshimana na herufi zenye kulewa kidogo: USIMINYE. Bado kiko langoni. Inspekta alitia sahihi, akanunua mbili, bila kuziminya.

Lakini daftarini mwake aliacha mstari mmoja: mwanafunzi wa kiti cha mbele anashukiwa kuwa wa uongo tangu 1982. Tangu Julai maneno hayo yamepanda kutoka jikoni hadi ofisini, kwamba Madamu amepitisha walimu miaka tisa kwa hila. Ushahidi wao ni mimi, kwa maana jikoni nilijisifu mwenyewe. Mkurugenzi amemwita mara mbili. Sentensi moja ingemtoa lawamani. Yeye alijibu tu kwamba mambo ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi.

Asante, Madamu, kwa hilo na kwa miaka yote. Nenda nyumbani kwako Rebero ukapumzike. Parachichi zako ziive bila kuminywa, na majirani wakuite mwalimu hata ukiwa umeshika jembe.

Na wewe, Inspekta Évode, kijarida hiki kikikufikia, ufute mstari wako. Sikuwa naigiza. Darasa la nne nililiona kwa nje, nikichunga mbuzi wa mwalimu mkuu. Kitabu nilikishika juu chini kwa sababu sikujua chini ni wapi. Madamu alijua tangu siku ya ufagio. Lile tangazo ndilo jambo la kwanza nililowahi kusoma bila mtu kunionyesha kwa kidole, na nguo zenyewe za dirishani zilikuwa zangu.